Utomvu wa Kaya

Jua lilikuwa linazama Waziri alipovuka barabara ya Msambweni na kushika kijia cha kwenda kayani, msitu wa mizimu wa Wadigo, kisu kiunoni, kifuu mkononi. Alikuwa fundi wa magari pale Ukunda, na fundi hodari kweli, ila ulimi wake haukujua kusema siwezi. Mzungu mmoja wa Galu alikuwa amemletea gari lake la paa la turubai, lile la kukunjwa. Mipira inayozunguka milango na vioo ilikuwa imechanika, na masika yakinyesha, maji yanaingia mpaka vitini. Waziri akamwambia kesho jioni aje alichukue. Akakata vipande vya mpira kutoka tyubu kuukuu ya lori, akavipima, vikakaa sawasawa. Kufungua kopo la gundi, gundi imekauka.

Gundi nyingine ilikuwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko. Lakini babu yake Waziri aligema mpira msituni zamani, na Waziri aliujua mbungo, mmea ule unaotambaa juu ya miti, wenye matunda machachu na utomvu mweupe wa kunata. Mibungo ya nje ilikuwa imeshafyekwa. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kaya, na ndani ya kaya hakikatwi hata kijiti mpaka wazee waambiwe, nao wavae kaniki zao waingie kuwaomba wenyewe wa pale, wale wasioonekana.

Wazee wangemzungusha wiki nzima. Waziri akajiambia kwamba yeye ni Mwislamu, na mambo ya kaya yana watu wake. Akasema Bismillahi, akauchanja mbungo.

Ndege wakanyamaza.

Utomvu ulitoka kwa wingi, tena wa vuguvugu. Kifuu kilipojaa akageuka kurudi, akitembea upesi kuliko alivyokuja. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Aliogopa tu, na akaona haya kwa kuogopa.

Kesho yake alasiri mipira ilikuwa imeshika barabara. Ilibaki kuijaribu, na Waziri alikuwa na namna yake: mtu anaketi ndani, milango inafungwa, yeye anamwaga maji juu ya gari kwa debe lililotobolewa chini, na aliye ndani anaonyesha kwa kidole panapovuja. Kazi hiyo ya kuketi ilikuwa ya mkewe, Mwanasha. Safari hii Mwanasha alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kufika hapo baada ya nyingine mbili kuharibika, na Waziri alikuwa hamwachi hata kuinua ndoo. Lakini kuketi kwenye kiti laini si kuinua ndoo. Mwanasha mwenyewe alicheka, akasema leo atakuwa memsahibu, akaingia.

Waziri akamwaga debe la kwanza. Mwanasha akatikisa kichwa, hapavuji. Akamwaga la pili. Hapavuji. Fundi akatabasamu peke yake.

Kisha vioo vikaanza kuingia ukungu kwa ndani. Harufu ikatanda uwanjani... harufu ya mabungo yaliyooza, na msimu wa mabungo ulikuwa bado.

"Bwana," Mwanasha alinong'ona nyuma ya kioo. "Umemwingiza nani humu?"

Waziri akashika kitasa. Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka. Akakimbilia upande wa pili. Vivyo hivyo. Akachomoa kisu autoe mpira, na kisu kikateleza kama kwenye jiwe. Ndani ya ukungu alikiona kivuli cha mkewe, na ubavuni pake kivuli cha pili, kimeinama, sikio juu ya tumbo.

Sauti ya kike ikauliza jambo, kwa upole sana. Waziri hakuyashika maneno.

Akapiga mayowe. Aliyetoka mbio nyumbani alikuwa mama mkwe wake, Mbodze, aliyekuja kungojea kujifungua kwa bintiye. Alinusa mara moja, akasimama.

"Mwanangu, utomvu umeutoa wapi?"

"Kayani, mama."

"Uliwaomba?"

Waziri akainamisha kichwa. Mbodze hakumgombeza. Alivua leso ya mabegani akaitandika chini, akapiga magoti matopeni, akasema kwa Kidigo kwamba wamekosa, kwamba aliyekata ni mtoto asiyejua, na kwamba kilichochukuliwa kitarudishwa. Aliyasema tena na tena, paji la uso likigusa ardhi.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mwanasha alitoka, mikono imekumbatia tumbo. Mtoto alikuwa akicheza ndani. Waziri akalia mbele ya mkwewe bila kujali. Kisha akaibandua mipira yote, nayo sasa ikatoka kwa urahisi, na kabla ya giza yeye na Mbodze wakairudisha kayani pamoja na wazee. Mzungu alipokuja alimtukana Waziri, akaondoka na gari lake linalovuja. Waziri aliyapokea matusi yale kwa furaha, maana mkewe alikuwa hai na mimba ilikuwa salama.

Siku chache baadaye ndipo Mwanasha aliposema. Yule mwanamke wa ndani ya gari alikuwa amemuuliza jina la mtoto aliye tumboni. Naye kwa hofu akajibu kwamba bado hana jina.

"Akasema, basi atachukua langu," Mwanasha alinong'ona. "Akanitajia."

Waziri alimkataza asilitamke jina hilo, na Mwanasha hakulitamka. Akajifungua salama, mtoto wa kiume, mzito, mzuri. Wakamfanyia akika, wakamwita Iddi, watu wakala wakashiba.

Magharibi, wageni walipokwisha kutawanyika, mtoto akaanza kulia. Waziri akampakata ndani ya leso aliyoviringishwa, akambembeleza kwa jina lake jipya. Iddi, Iddi, mwanangu Iddi. Hakunyamaza. Alilia mpaka sauti ikamkauka, mpaka midomo ikawa ya buluu na pumzi zikaanza kukatika. Mbodze akasoma aliyoyajua. Hakunyamaza. Mwanasha akamtazama mumewe, machozi yakimtiririka, na Waziri, aliyeogopa kumpoteza mtoto wa tatu, akaitikia kwa kichwa.

Mwanasha akainama sikioni mwa mwanawe. Akalitaja jina lile.

Kilio kikakatika.

Na kutoka ndani ya leso, sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitika, kwa upole sana:

"Labeka."