Niambie Kinanukiaje

Mvua za Juni zilikuwa zimeing'ang'ania Osaka, na adhuhuri ile kila mwenye njaa mtaani alikuwa amekimbilia kwa Mama Tokie. Mkahawa wenyewe mdogo, ukinyoosha miguu unamkanyaga jirani, lakini wali ni wa kuongezwa mpaka ukatae mwenyewe. Mizuho aliingia akipukuta mwavuli, gauni lake la kijani limelowa upindoni, miwani imefunikwa na mvuke wa supu.

"Dada wa miwani, kaa pale na yule kaka!" Mama Tokie alipaza sauti kutoka jikoni. "Hang'ati huyo."

Mizuho, aliyekuwa akiuza miwani mtaa wa pili, akaketi kwa kupapasa. Ukungu ulipoondoka kwenye vioo, mbele yake palikuwa na mwanamume mwenye shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kiwikoni, vidole virefu vya kutuliza mtu.

"Nami nipe kibua wa kuchoma, Mama."

"Kibua wa mwisho ndiye huyo anayeliwa na jirani yako!"

Yule mwanamume akamtenganisha samaki katikati kwa vijiti, akamsogezea upande ulionona. "Chukua. Ila kuna ushuru."

"Ushuru gani tena?"

"Uniambie anavyonukia."

"Si unaye hapo mwenyewe?"

"Nataka kusikia kutoka kwako."

Mizuho akacheka, akafumba macho, akaonja. "Ngozi ina moshi, kama nguo ya mtu aliyeota moto ufukweni. Halafu mafuta yanakuja taratibu, na limau linayafukuza." Alipofumbua macho alimkuta ameweka vijiti chini, anamsikiliza kama mtoto anayesimuliwa ngano.

"Endelea," akasema.

"Nikiendelea nitakula saa ngapi, kaka?"

Aliitwa Kojiro, na alikuwa fundi wa kurekebisha piano; alisema ana kazi mtaani kwao kila siku. Tangu siku ile simu ya Mizuho ikawa haitulii.

"Mizu, mchana wa leo tule wapi?"

"Tambi za udon, pale chini ya reli."

"Utanisimulia?"

"Mdomo wangu umekuwa redio yako?"

"Redio ingekuwa na kitufe cha kuzima. Wewe huna, mpenzi."

Basi wakala majira yote yale ya mvua. Walikula udon wamesimama bega kwa bega, treni zikipita juu na supu ikitetemeka bakulini. Wakala chapati nene za kabichi zikichemka sosi juu ya bamba la chuma. Mizuho alisimulia kila tonge, na siku zikapita kama usingizi wa alasiri, ule usiotaka kuamshwa. Hata mvua ilimpendeza.

Jumapili moja akaenda kwa Kojiro kumpikia viazi na nyama. Mchumba wake wa zamani alikuwa akisifu kila alichopika, kumbe kazini akiwachekesha wenzake kwa kuigiza namna alivyokimeza. Tangu hapo Mizuho hakuwa amempikia mtu.

Akaiacha sufuria jikoni, akatoka mara moja kununua vitunguu vya majani. Aliporudi, harufu ya kuungua ilimpokea ngazini. Ndani, Kojiro ameketi hatua mbili kutoka jiko, anatabasamu.

"Kinanukia vizuri ajabu, Mizu!"

Mizuho akazima moto, akafunua. Chini palikuwa peusi. "Kinanukia nini?"

"Kitamu. Nipakulie." Akala kiazi kimoja, akala cha pili. "Haki ya Mungu, sijala kitu kama hiki."

"Kojiro, kimeungua. Jengo zima linanuka!"

Akapauka. "Mimi... sikuona kama kimeungua sana."

"Umeona mimi ni wa kubembelezwa? Kesho utawaigizia nani?" Akavua aproni, akashika mwavuli, akaondoka na machozi yake.

Simu ililia wiki nzima bila kupokelewa. Alikula mkate dukani, hakupita hata mtaa wa Mama Tokie. Mwisho, alasiri moja mvua ilipokatika, akapokea ili tu amwambie asipige tena.

"Usikate," Kojiro akasema. "Mizu, mimi sinusi kitu."

"Unasema?"

"Nilipata homa kali, miaka mitatu sasa. Ilipoondoka iliondoka na pua yangu, na ladha ikaifuata. Wali, samaki, vyote kwangu ni kama karatasi iliyoloweshwa. Sikujua kama sufuria inaungua."

Mizuho akakaa juu ya kreti pale dukani. "Mbona hukusema?"

"Rafiki zangu niliwaambia. Wakaacha kuniita. Nani anataka kumlisha mtu asiyeonja? Kisha ukaja wewe na moshi wako wa ufukweni. Nilishiba, Mizu. Mara ya kwanza tangu homa ile. Nikaogopa kukupoteza."

"Na ukaamua kunidanganya."

"Nikaamua kukudanganya. Nisamehe."

Nje, bomba la paa lilikuwa bado likidondosha maji.

"Kesho mchana, kwa Mama Tokie," akasema Mizuho. "Bado nina hasira."

Kesho yake jua lilikuwa linawaka na foleni imefika nje. Kojiro alikuja na shati la bluu lililopigwa pasi. Hawakugusa chakula.

"Uongo mwingine upo?"

"Mmoja. Nilisema naja kurekebisha piano mtaani kwenu kila siku."

"Kumbe?"

"Mtaa wenu wote una piano moja. Na imeshakuwa sawa tangu Juni."

Mizuho alibana mdomo, kicheko kikamshinda kikatoka na machozi. "Mshenzi wewe. Siku nikipika, nikiunguza nitakwambia, na utakula hivyo hivyo."

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Zote mpaka lini?"

"Nyie wawili!" Mama Tokie alitokeza na mwiko mkononi. "Watu wamesimama mlangoni. Mkitaka kuoana oaneni, mkitaka kula kuleni, meza ni moja!"

Mkahawa mzima ukageuka. Kojiro alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mizu, umesikia alivyosema Mama?"

"Nimesikia."

"Basi?"

Mizuho akaushika mkono wake juu ya meza, mbele ya foleni nzima. "Tuoane kwanza, Mama," akasema. "Chakula tufungie."