Kitabu Nyuma ya Ubao wa Chini

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa kwenye kigari, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na Fundi Seremala alitangulia mbele kama anayeongoza harusi. Binti yake wa pekee alikuwa amemaliza miaka mitatu ya uuguzi. Ilibaki fomu moja tu kugongwa muhuri wa maktaba, ndipo cheti kitoke.

"Tupitie upesi, mwanangu, nami nikazione rafu zangu."

Maana rafu zote za maktaba ile alizitengeneza yeye, na hakuna jirani ambaye hajachoshwa na habari zake. Binti alikua akisimuliwa jinsi baba alivyoacha uwazi nyuma ya ubao wa chini ili hewa ipite, vitabu visiote kuvu, na jinsi ubao ule unavyotoka ukiusukuma kushoto.

Kumbe siku hiyo maktaba haikuwa na amani. Wanafunzi ishirini na watatu walikaa nje juu ya masanduku yao, na mkutubi, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisimama mlangoni.

"Kitabu cha vipimo vya dawa kipo kimoja tu," alisema. "Sheria mnaijua: kinasomwa humu ndani, saa mbili, kisha unamwachia mwenzio. Miezi mitatu hakionekani. Kisipopatikana, darasa zima hamna muhuri."

"Labda kimeota miguu, mama," mwanafunzi mmoja alitania.

"Kingeota miguu kingekuja kwangu, niliyefeli kwa kukikosa," alijibu Kicheko, msichana aliyekuwa akilala chumba kimoja na binti wa Fundi. Siku hiyo hakucheka.

Fundi akajisogeza. "Hata sisi tuliozipiga randa rafu hizi?"

"Hata wewe, Fundi. Fomu bila muhuri ni karatasi ya kuwashia moto."

Fundi akaingia kusaidia kutafuta. Binti akamfuata, akamvuta shati. "Baba, twende tu. Tutarudi siku nyingine." Mdomo ulisema hivyo, lakini macho yalikuwa kwenye ubao wa chini wa rafu ya dirishani.

Jamani, mzazi hafundishwi kusoma uso wa mwanawe. Fundi alipiga magoti, akasukuma ubao kushoto. Kitabu kilikuwemo. Kati ya kurasa zake, kama alama, ilichomekwa kadi ya maktaba yenye picha ya binti yake, ile ile aliyowaandikia nyumbani kwa barua kwamba imepotea.

Hakuna aliyekuwa akitazama. Kadi ni kitu kidogo, na mfuko wa shati ulikuwa wazi. Angeitia humo, angetoka na kitabu, angepigiwa makofi.

"Nilitaka nikisome peke yangu hadi mtihani uishe," binti alinong'ona. "Halafu nikakosa uso wa kukirudisha."

"Uwazi ule niliuacha upite upepo," alisema Fundi. Akaichomeka kadi pale pale, akampa kitabu. "Mimi sikibebi wala sikifichi. Nenda mwenyewe."

Binti akaenda hadi mlangoni, akamkabidhi mkutubi kitabu. "Nilikificha mimi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kicheko, umefeli kwa sababu yangu."

Fundi, akiwa bado chini na vumbi magotini, alihisi kifua kikimjaa fahari kuliko hata siku ile alipomaliza rafu ya mwisho.

Wengine waligongewa muhuri adhuhuri ile. Kicheko alirudia mtihani, akafaulu. Binti alizuiliwa cheti mwaka mzima, akautumikia mwaka huo mezani kwa mkutubi, akiandika kadi za wageni. Sasa ni muuguzi. Mkutubi amestaafu. Fundi aliupigilia ubao misumari, akautoboa matundu ya hewa.

FUNZO

Ndugu zangu, sheria ya kuazima imewekwa kwa sababu kitabu ni kimoja na wenye haja ni wengi. Elimu unayomnyima mwenzio haikuongezei chochote. Nasi wazazi, mtoto akikosea tusimfichie kadi yake. Tumwache aipeleke mwenyewe, kisha tuone fahari kuitwa wazazi wake.