Tundu Katika Bamba la Jokofu

Chiriku alikwangua barafu kwa kisu, lakini haikubanduka. Ilikuwa imeng'ang'ania bamba la jokofu la zahanati kama saruji. Shangazi yake, muuguzi wa chanjo, alikuwa amemwonya: "Zima, fungua mlango, subiri iyeyuke. Kisu usiguse." Lakini subira ilimwishia. Aliingiza ncha chini ya barafu, akasukuma.

Ssss!

Gesi inayolipoza jokofu ilimpuliza usoni. Palikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mchele.

Msichana huyu, aliyeitwa Chiriku kwa kupayuka kutwa, alinyamaza. Alirudisha chupa za chanjo kutoka kwenye kasha la baridi, akawasha jokofu.

"Umemaliza, mwanangu?" shangazi aliuliza kutoka chumba cha mizani.

"Nimemaliza."

Saa mbili zilipita, watoto wakipimwa uzito. "Leo Chiriku kameza ulimi?" mama mmoja alitania benchini, wenzake wakacheka. Chiriku alitazama kichanga mapajani mwa yule mama. Chanjo iliyopata joto haimkingi mtoto, hata ikidungwa vizuri. Shangazi alikuwa amesoma kipimajoto alfajiri; hakuwa na sababu ya kushuku. Shangazi alipojaza sindano ya kwanza, Chiriku alisimama.

"Shangazi, usimdunge! Nimetoboa jokofu."

Shangazi hakufoka. Alisoma kipimajoto, akakuta joto limepanda, akatenga chupa zote za kutupwa. Kina mama waliotembea tangu alfajiri walibeba watoto wao tena.

"Na surua iko mtaani," mmoja alisema, akaondoka.

Alasiri fundi wa majokofu alipapasa bamba. "Unaliosha vipi?"

"Kwa sabuni nyingi," Chiriku alijibu. "Naiacha ikaukie hapo hapo."

Fundi alisugua nusu ya bamba kwa mshumaa, akadondosha maji pande zote mbili. "Tazama. Penye nta maji yamesimama shanga shanga. Penye sabuni yametandaa. Unyevu wa hewa ukitandaa hivi kwenye baridi, unaganda gamba moja gumu. Kwenye nta barafu huja pia, ila huchelewa, na hubanduka upesi."

"Kumbe kosa ni la sabuni?" Chiriku aliuliza kwa matumaini.

"Hilo la sabuni hukulijua, na silihesabu," shangazi alijibu taratibu. "Kisu nilikukataza. Lakini kubwa ni zile saa mbili. Ungesema pale pale, chupa zingebaki kwenye kasha na watoto wangechanjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na safari hii maradhi si yako. Ni ya watoto wa watu."

Fundi alifunga mkoba. Tundu angeliziba kesho. Chanjo nyingine zingeletwa Alhamisi. Shangazi akampa Chiriku orodha ya watoto kumi na wanne. "Nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe. Sema ulichofanya, kisha taja siku ya kurudi."

Jua lilipokaribia kuzama alikuwa nyumba ya tano. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Chiriku aliweka alama mbele ya jina. Yalibaki tisa, ya kesho.