Kipanya cha Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, karani wa masijala, na mpaka leo akiyasimulia huitazama mikono yake.

Mkewe alipofariki, alipewa kazi ya mkewe na meza ile ile. Maelfu ya fomu za zamani zilingoja kwenye kompyuta, kila moja ifunguliwe, ikaguliwe, kisha abonyeze "Hifadhi". Lakini kushika kipanya alichokishika marehemu miaka tisa kulimshinda. Alikichomoa, akakizungushia waya wake, akakitia kwenye droo. Kisha akaandika amri ya mistari michache, kompyuta ijibonyezee yenyewe kila baada ya sekunde tatu. Mshale ukawa unafanya kazi kimya kabisa, maana kubonyeza kwa amri hakuna mlio.

Adhuhuri moja balbu ya chumba kile kisicho na dirisha iliungua. Akabaki gizani na mwanga hafifu wa skrini, mikono mapajani, machozi yakimtoka.

Nyuma ya ukuta wa mbao, mpigachapa aliyekuwa shoga wa marehemu akamwita.

"Shemeji."

"Naam."

"Pumzika basi, unanitonesha kidonda. Tangu asubuhi unabonyeza kama yeye. Mara mbili upesi, unangoja, ndipo ya tatu."

Alisikiliza, naye akausikia mlio. Haukutoka mezani.

Akaivuta droo. Waya ulikuwa umekizunguka kipanya vile vile alivyoufunga. Akaweka kidole juu ya kitufe. Kilikuwa na uvuguvugu, nacho kikazama chenyewe mara mbili, kikangoja.