Kanuni ya Saba

Sokoni, adhuhuri, mpiga chapa alikishika chungu kwa ukingo na kukiinua.

"Kaka! Kwenu watoto hubebwa kwa masikio?"

Aligeuka. Msichana aliyevaa gauni la buluu, udongo mkavu hadi viwikoni, alikuwa amemkazia macho.

"Nisamehe, dada. Mimi nimezoea karatasi."

"Na mimi nimezoea wateja wenye adabu. Shika tumboni, hivi."

Alinunua vyungu vitatu, naye alikuwa hajui hata kupika. Mwezi haukuisha kabla hawajaanza kupigiana simu kila asubuhi. "Umeamka, ua langu?" "Ua gani lenye tope? Sema unataka nini."

Baba mdogo wa msichana, mwenyekiti wa chama cha wafinyanzi, alimpa kijana kazi ya kuchapa historia ya chama, miaka hamsini. Kijana alipanga herufi usiku na mchana. Lakini mpiga chapa huona herufi, maana ikampita. Msichana alipomtembelea, aliikuta karatasi mezani: *Kanuni ya saba: binti akiolewa na asiye mfinyanzi, atarudisha gurudumu lake la kufinyangia.*

Hakungoja maelezo. Jioni kijana alipiga simu.

"Mpenzi, sikuyasoma, nilipanga tu..."

"Usinipenzi! Kikulacho ki nguoni mwako. Gurudumu langu umelichukua kwa mkono wako mwenyewe!"

Simu ikakatika.

Kesho yake kijana alibisha kwa shangazi wa msichana, dada wa mwenyekiti na mtunza daftari la mikutano ya chama. Safari hii alilisoma neno kwa neno, tangu ukurasa wa kwanza. Kisha akarudi kwenye mtambo wake, akakichapa kitabu upya bila kumwomba ruhusa mtu.

Siku ya sherehe karakana ya wafinyanzi ilijaa. Mwenyekiti, koti limempwaya, alifungua kitabu akasoma kwa madaha: "Chama kilianzishwa na wanawake saba. Waume zao walikuwa dereva, kinyozi, mshona viatu... hapakuwa na mfinyanzi hata mmoja. Kanuni ya saba iliongezwa miaka ishirini baadaye, wanaume walipo..."

Akainua macho kutoka kitabuni. "Nani kaandika upuuzi huu?"

Kijana alisimama. "Daftari lenu, mzee. Mara hii nimelisoma."

"Uongo!"

"Uongo wa nani?" shangazi alipaza sauti. "Mama yetu hakuolewa na kinyozi? Wewe ndevu zako za kwanza alizinyoa nani?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Msichana alipita katikati ya watu, akakitwaa kitabu mkononi mwa baba yake mdogo.

"Baba mdogo, heshima yako naijua. Gurudumu silirudishi, na huyu simwachi. Anayenipinga anyooshe mkono."

Watu walitazamana. Mwenyekiti aliunyoosha wake, peke yake, kisha taratibu akaushusha.

Msichana akamgeukia kijana. "Na wewe umesimama kama mlingoti. Utanioa, hunioi?"

"Nitakuoa."

"Basi kaa. Bado kurasa kumi na nne."

Akafungua kitabu, akaendelea kusoma kwa sauti kubwa.