Maumivu Yaliyochelewa

Mwanapili alikuwa fundi wa nguo, na nyumba yake ilikuwa Mkunazini, mjini, ghorofa ya pili. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, kwa hiyo hata miguu haikuwa na kazi. Alikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, akishona madera na mabaibui. Akitaka uzi au samaki, alimtuma binti yake, Khairat. Siku nyingine jua lilichwa hajateremka ngazi hata mara moja.

Ndugu yake mdogo, Matar, alioa Makunduchi, kijiji cha pwani. Mkewe aliitwa Sichana. Mwanapili hakuipenda ndoa ile, na alisema hivyo mbele za watu siku ya posa. Kwa miaka mingi mawifi hao walisalimiana misibani tu.

Mwaka huu Mwanapili aliona imetosha kuishi hivyo. Akampigia simu Sichana.

"Wifi, nasikia mna kazi ya makumbi. Nnakuja Jumamosi kukusaidieni."

Sichana alicheka. "Wewe? Na kucha zako hizo?"

"Kucha zitaota nyingine."

"Basi karibu. Njoo na nguo mbovu."

Makumbi, maganda ya nje ya nazi, hufukiwa katika mchanga wa pwani kwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa na kupigwa kwa rungu, zikabaki nyuzi za usumba. Nyuzi hizo ndizo husokotwa kamba. Sichana alifanya kazi hiyo pamoja na kikundi cha wanawake wenzake. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanakheir.

Jumamosi ile Mwanapili alichuchumaa pamoja nao. Alipiga makumbi kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia. Alibeba vikapu vilivyorowa kutoka pwani, akachuchumaa, akavitua, akasimama tena.

"Wifi, pumzika," Sichana alimwambia. "Sisi tumezaliwa na marungu haya."

"Nikipumzika mtasema mtu wa mjini hawezi."

"Hata usipopumzika tutasema!" Bi Mwanakheir alidakia. Wanawake wakaangua kicheko.

Mwanapili naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Hakupumzika. Uji ulipokuja, wenzake walichota chunguni. Yeye aliletewa kikombe chake peke yake. Alikuwa na maradhi ya sukari, na Sichana alikuwa amemtengea uji kabla ya kutia sukari katika chungu.

Jioni alirudi mjini. Alikuwa amechoka, lakini hakuumwa popote.

"Wifi yangu mtu mwema," alimwambia Khairat. "Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa mjinga."

Jumapili asubuhi mwili ulikuwa mzito. Mapaja yalikaza, mabega yalikaza. Mwanapili alidhani amelala vibaya.

Jumatatu alishindwa kuinua mkono kuvaa ushungi. Ilibidi Khairat amvalishe. Alitaka kuteremka ngazi, mapaja yakamlipuka kwa maumivu. Akashuka kinyumenyume, ameshika ukuta, machozi yanamtoka.

Jirani yake, Bi Radhiya, alimkuta katikati ya ngazi.

"Una nini, Mwanapili?"

"Mwili wote unaniuma. Nilikwenda Makunduchi kupiga makumbi."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi ulirudi unaumwa?"

"Sikuumwa hata kidogo."

Bi Radhiya alitikisa kichwa. "Hapo si kazi. Kazi humuuma mtu siku ileile. Huko ulikula nini?"

"Uji tu."

"Mlikula wote chungu kimoja?"

Kikombe kile kilimjia Mwanapili akilini. Alijaribu kukifukuza, kikagoma kuondoka.

"Mimi nilitengewa," alisema polepole.

"Ala!" Bi Radhiya alisema.

Mwanapili alirudi juu. Maumivu yalimpa hofu, na hofu ikamfufulia chuki ya zamani. Akachukua simu, akampigia Matar.

"Muulize mkeo," alisema. "Muulize alitia nini katika kile kikombe changu."

"Kikombe gani, dada?"

"Anajua yeye. Nlimwendea kwa moyo safi, akanilisha kitu. Sasa siwezi hata kuvaa ushungi wangu."

Ikasikika sauti ya mwanamke, karibu na simu.

"Wifi, mimi nasikia. Simu iko sauti ya juu. Tuko uani, na Bi Mwanakheir yupo, na wenzangu wote wapo."

Simu ikakatika.

Alasiri Khairat alimwona mama yake anataka kumeza tembe za maumivu, kiganja kizima. Akamzuia, akateremka mbio kumwita Mayasa. Mayasa alikuwa mpangaji wa chumba cha chini. Kazi yake hospitali ilikuwa kuwasaidia watu walioumia viungo warudi kutembea.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nakufa."

"Hatujafika huko," Mayasa alisema, akaketi kando ya kitanda. "Niambie kwanza, mkojo wako una rangi gani?"

"Astaghfirullah! Maswali gani hayo?"

"Nijibu tu, Bi. Ni mweusi kama chai ya rangi?"

"Hapana. Wa kawaida."

"Mkono au mguu umevimba sana? Una homa? Kifua kinabana?"

"Hapana. Hapana yote."

"Alhamdulillahi. Ungeniambia mkojo umekuwa mweusi, tungekwenda hospitali sasa hivi. Misuli ikiumia kupita kiasi, hutoa kitu kinachodhuru figo. Sasa nieleze ulifanya nini siku hizi."

Mwanapili alimweleza kazi ya makumbi tangu mwanzo. Mayasa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mara ya mwisho kufanya kazi kama hiyo ilikuwa lini?"

"Sijapata kuifanya."

"Basi hiyo ndiyo sababu."

"Lakini siku ile sikuumwa!" Mwanapili alipaza sauti. "Hata jana ilikuwa kidogo. Kazi inauma vipi baada ya kwisha?"

"Ndiyo tabia ya maumivu haya, Bi. Wewe ni fundi. Ukilivuta kwa nguvu gauni linalobana, hutokea nini kwenye mshono?"

"Nyuzi huachia. Huoni tundu, lakini zimeachia."

"Msuli nao ni hivyo. Ukiutumikisha kwa kazi usiyoizoea, vinyuzi vyake huumia kidogo kidogo. Hutahisi kitu papo hapo. Baadaye mwili huanza kutengeneza palipoumia. Hapo ndipo msuli hukaza na kuuma. Maumivu huanza kesho yake, na mara nyingi siku ya pili au ya tatu ndiyo huwa makali. Kisha hupungua yenyewe. Wiki haipiti."

"Na ngazi? Mbona kushuka kunaniua kuliko kupanda?"

"Ukishuka, msuli wa paja hubeba uzito wako huku ukivutika. Msuli hauipendi kazi hiyo. Na siku ile ulichuchumaa na kutua vikapu kutwa nzima. Hiyo ni kazi ya namna hiyohiyo."

Mwanapili hakutaka kukubali upesi. "Mbona wifi yangu haumwi? Alifanya kazi kuliko mimi."

"Mwili wake umezoea. Siku yake ya kwanza naye aliumwa, muulize."

Mwanapili aligeuza uso ukutani.

"Hizo tembe ziweke," Mayasa aliendelea. "Baadhi yake si nzuri kwa figo, na wewe una sukari. Ukihitaji dawa, muulize daktari kwanza. Usikubali mtu akukande kwa nguvu, akupapase taratibu tu. Maji ya vuguvugu yatakuliwaza. Na usilale kutwa. Tembea chumbani, nyoosha mikono polepole. Msuli ukisogezwa kidogo, maumivu hupoa."

"Ndiyo nisifanye kazi tena?"

"Ufanye. Lakini uanze na kidogo, upumzike, uongeze siku nyingine. Mara ya pili hutaumwa hivi."

Mwanapili akasema, "Mayasa, mimi nshampigia simu ndugu yangu. Nshasema nimelishwa. Watu wote wamesikia."

Mayasa hakumlaumu.

"Hilo mimi sina dawa yake, Bi," alisema, akainuka.

Siku zilizofuata zilikwenda kama Mayasa alivyosema. Jumatano mkono ulifika kichwani. Ijumaa Mwanapili alishuka ngazi mwenyewe, akaenda sokoni. Mwili ulimtii. Alimpigia Sichana, simu haikupokelewa. Alipompata Matar, aliambiwa, "Ngoja kwanza, dada. Huku mambo si mazuri."

Hakungoja. Jumamosi alikwenda Makunduchi.

Alimkuta Sichana uani, anapiga makumbi peke yake.

"Wenzako wako wapi?" aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Wamehamia kwa Bi Mwanakheir," Sichana alisema. Hakuinua macho. "Wanasema kwangu hapaliki."

Mwanapili aliketi mbele yake. "Wifi, nimekukosea. Ilikuwa kazi. Sikuizoea, nikajilazimisha, misuli ikaumia. Nimeelezwa, na nimepona bila dawa yoyote. Nisamehe."

"Nshakusamehe tangu Jumatatu. Nlijua ni kazi. Mimi nilipoanza, siku ya pili nilitambaa kwenda chooni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Mwanapili alitoka, akaenda kwa Bi Mwanakheir. Alisimama mbele ya wanawake walewale akasema yote: ujinga wake, maneno ya jirani, maelezo ya Mayasa. Aliwaonyesha palipomuuma mapajani, akawaeleza kwa nini maumivu huchelewa.

"Hayo ni kweli," Bi Mwanakheir alisema mwishowe. "Binti yangu aliporudi kutoka mjini akapiga makumbi, aliumwa hivyohivyo. Nami nilipokusikia simuni nikanyamaza." Akachukua rungu lake na mkeka wake, akaelekea kwa Sichana. Baadhi walimfuata. Wawili walibaki palepale. Mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyu kapikiwa akapikika. Karogwa mpaka anamtetea aliyemroga."

Siku hiyo Mwanapili alipiga makumbi kidogo, akapumzika, akapiga tena kidogo. Kabla ya adhuhuri aliweka rungu chini. Hakuna aliyemcheka.

Sichana alimsindikiza mpaka barabarani.

"Kwa ndugu yako njoo wakati wowote," alisema. "Mimi nipe muda. Nitakupigia mwenyewe."

"Nitangoja, wifi."

Kesho yake mikono ya Mwanapili ilimuuma, lakini kidogo tu. Aliyajua maumivu hayo na hayakumtisha. Tangu wakati huo alijiwekea desturi ya kushuka ngazi kila asubuhi kwenda sokoni mwenyewe, na kila mwezi Mayasa alimwona anatembea vizuri zaidi. Hata sukari yake ilishuka.

"Mama, siku hizi unanipita kwa mwendo," Khairat alimwambia siku moja, wakipanda. "Wifi yako kapiga simu?"

"Bado," Mwanapili alijibu, akaendelea kupanda.