Kokoto Juu ya Barafu

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Hilaria alipiga magoti mbele ya jokofu. Mgeni angedhani anasali. Kumbe alikuwa akichungulia chini, kwenye utambi, kuona kama moto unawaka vizuri. Jokofu lao liliendeshwa kwa mafuta ya taa, na katika mtaa wao wa Kawajense, Mpanda, hapakuwa na jingine. Akishaongeza mafuta na kufuta masizi, ndipo alipochukua daftari zake na kwenda shule.

Baba yake, Fabiani, aliuza samaki waliogandishwa. Samaki hao walitoka mbali. Waligandishwa Mpulungu, nchini Zambia, wakafungwa katika masanduku yenye barafu na unga wa mbao, wakavuka mpaka kwa meli ya ziwani hadi Karema, kisha wakapanda lori mpaka Mpanda. Aliyewatuma aliitwa Telesfori. Yeye na Fabiani hawakuwahi kuonana hata siku moja.

Watu hao wawili waliaminiana kwa kokoto. Telesfori aligandisha maji katika chupa yenye mdomo mpana, akaweka kokoto moja juu ya barafu, akaifukia chupa hiyo katikati ya samaki. Sanduku likifika, Fabiani aliitafuta chupa kwanza. Kokoto likiwa juu, baridi haikukatika njiani. Likiwa chini, basi barafu iliyeyuka mahali fulani, hata kama imeganda tena, na samaki wote walifukiwa shimoni. Chupa ilikaa jokofuni pamoja na samaki mpaka waishe.

Samaki wa kwanza wa kila sanduku hakuuzwa. Alipelekwa kwa jirani yao, Bibi Nyanzala, mzaliwa wa Karema, mwanamke mzee aliyeishi peke yake.

"Nikila mgebuka, samaki wa ziwa letu," Bibi alipenda kusema, "nasikia ziwa linanivumia masikioni. Nyie watu wa nchi kavu mnajua nini!"

Mwaka 1975, siku chache kabla ya sikukuu ya Sabasaba, sanduku lilifika Jumanne. Kokoto lilikuwa juu. Fabiani alipanga samaki jokofuni, akajiandaa kurudi na lori lilelile kwenda Karema kupokea sanduku la pili. Mama yake Hilaria alikuwa kijijini Sibwesa, akivuna mpunga.

"Samaki hawa wameagizwa na shule yenu kwa chakula cha Sabasaba," Fabiani alimwambia binti yake. "Nikirudi Jumamosi, Bibi atapata wake. Wewe kazi yako ni moja tu. Moto usizimike."

"Hautazimika, Baba."

Shuleni walikuwa wakijifunza halaiki, na Hilaria alichaguliwa kusimama juu kabisa, kwenye mabega ya wenzake, akipunga bendera. Alhamisi asubuhi aliona mafuta yamebaki kidogo. Alikuwa ameshika dumu aende dukani, rafiki yake Josefina akamwita kutoka barabarani.

"Bado unalilea hilo jokofu? Utalibeba na mgongoni! Mwalimu kasema atakayechelewa leo anatolewa juu."

Hilaria alicheka, akaliacha dumu mlangoni. Alisema moyoni, nitajaza nikirudi. Aliporudi alikuwa hoi, akala ugali wa Bibi Nyanzala, akalala. Ijumaa alikurupuka, akakimbilia mazoezi bila kupiga magoti.

Jioni hiyo alikuta maji yamesambaa sakafuni. Utambi ulikuwa baridi. Ndani, samaki walikuwa wamelegea, na katika chupa kokoto lilikuwa chini kabisa, limetulia majini.

Aliingiza vidole, akalitoa kokoto, akalifunga katika pindo la khanga. Alikimbia kununua mafuta, akawasha moto. Jumamosi mchana barafu ilikuwa imeganda. Akaliweka kokoto juu yake kwa tone la maji, likashika.

Bibi Nyanzala alipita uani na kuuliza, "Huyo mtoto wako jokofu hajambo? Jana sikunusa moshi wake."

"Hajambo, Bibi. Hana neno."

Fabiani alirudi jioni mikono mitupu, kwani meli ilikuwa haijafika. Alifungua jokofu, akaitazama chupa, akatabasamu.

"Umenitunzia vizuri, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Hilaria kuliko fimbo. Baba alimpika samaki mmoja, akamtia katika bakuli, akampa Hilaria ampelekee Bibi. Hatua kutoka mlango mmoja hadi mwingine hazikuzidi thelathini. Katika kila hatua Hilaria alikuwa na nafasi ya kusema. Alibisha hodi, akamkabidhi Bibi bakuli.

Asubuhi ya Jumapili Bibi Nyanzala hakutoka kwenda kanisani. Walimkuta akitapika, tumbo likimwendesha, midomo imekauka. Fabiani alikwenda mbio kumwita Tabibu Maximilian.

"Amekula nini?" tabibu aliuliza.

"Samaki wangu, jana jioni," Fabiani akajibu. "Lakini hao ni salama. Kokoto lilikuwa juu, nililiona kwa macho yangu."

"Basi huenda ni maji ya kisima. Msiyanywe kwanza."

Majirani walianza kunung'unika. Mama yake Josefina alisema maji ya kisima hicho wameyanywa miaka yote. Hilaria alijibanza nyuma ya mlango, akisali Baba Yetu. Kila alipofika penye "utusamehe makosa yetu", alirudi mwanzo wa sala.

Alasiri Mwalimu Severini wa shuleni kwao alikuja na mkokoteni.

"Ndugu Fabiani, tumefuata samaki. Watoto mia mbili wanawasubiri hao kesho!"

Fabiani alifungua jokofu. Hilaria alimwona mwalimu akinyoosha mikono kupokea, akawaona wenzake wote wamekaa na sahani zao, Josefina akiwa wa kwanza.

"Msichukue!" alipiga kelele. "Baba, kokoto nililiweka mimi! Moto ulizimika. Lilikuwa chini!"

Fabiani hakumpiga. Alikitazama kiganja chake mwenyewe, kile kilichompika yule samaki, kisha akamgeukia mwalimu.

"Kimbia umwambie tabibu. Mwambie ni samaki."

Yeye alichukua jembe. Hilaria alichukua la mama yake. Walichimba nyuma ya nyumba, wakafukia samaki wote. Jioni Hilaria alipiga magoti kando ya kitanda cha Bibi Nyanzala, akaungama.

Bibi alimtafuta kwa mkono. "Harufu niliisikia," alinong'ona. "Nikajiambia, hii ni pua yangu ya uzee. Fabiani hawezi kunipa kibovu." Akampapasa kichwani. "Usilie hivyo, mjukuu wangu. Nimekusamehe."

Tabibu alibadilisha dawa, lakini mwili wa Bibi ulikuwa umekwisha nguvu. Alifariki Jumatatu asubuhi, ngoma za Sabasaba zikilia uwanjani. Watoto walikula maharage, na hakuna aliyeugua. Bendera ya halaiki ilipungwa na msichana mwingine.

Baada ya mazishi, Fabiani aliketi na binti yake kizingitini.

"Moto kuzimika lilikuwa kosa la mtoto," alisema taratibu. "Ningekugombeza, tungefukia samaki, yakaisha. Lakini lile kokoto ni neno la mtu. Telesfori analiweka kule ng'ambo, mimi nalisoma hapa, na Bibi anakula bila kuuliza. Ukilisogeza, wote tunabaki vipofu. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie saa ileile, hata kama unaniogopa. Mimi nina hasira za siku moja. Kaburi halina siku."

"Ndiyo, Baba."

Wiki tatu baadaye sanduku jingine lilifika. Fabiani alimwachia Hilaria alifungue mwenyewe. Aliitoa chupa, akaigeuza mwangani.

"Liko juu," alisema.

Fabiani alimtoa samaki wa kwanza, akageuka kwa mazoea kuelekea mlango wa jirani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alisimama na yule samaki mikononi muda mrefu, maji yakidondoka, kisha akamrudisha jokofuni.

Kesho yake Hilaria alipiga magoti kama kawaida. Aliongeza mafuta, akafuta masizi, akaona moto unawaka vizuri. Hakuinuka. Aliendelea kupiga magoti pale pale, na safari hii alikuwa akisali kweli.